Mwosha Niliyemtoa Kitabuni

Laiti jioni ile ningesema hapana. Neno lenyewe fupi, hata mtoto analiweza. Lakini nilikuwa nimekaa barazani kwa Mzee Mahfudhi, kikombe cha kahawa mkononi, wanakamati wote wakinitazama mdomo, nikasema, "Sawa, nitamtoa." Yote yaliyonipata yametoka katika jibu hilo.

Ninayoyaeleza hapa sikusimuliwa. Yamenikuta mwenyewe, mchana kweupe, akili zangu timamu. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka nikastaafu. Nimeandika maelezo ya mashahidi wengi, na namjua mtu anayetunga: huanza kupamba pale anapoogopa kuulizwa. Mimi sitapamba. Jina la mji tu ndilo sitalitaja, maana wenyewe wapo hai. Ni mji mdogo wa pwani, kusini ya Tanga, ukishapita Tongoni. Una msikiti wa kale ulioanguka paa, makaburi ya mawe, na kisima kimoja cha maji matamu. Anayeujua keshaujua.

Mji huo una ada yake. Kila mwaka, masika yakikaribia, huzungushwa fahali mweusi mji mzima. Wanaume husoma Yasini, ubani hufukizwa, na penye kila kaburi la mkubwa wa mji msafara husimama. Huitwa jina la aliyelala pale, watu husoma Fatiha, kisha husonga mbele. Kituo cha mwisho ni kisimani. Kando ya kisima pana kaburi lisilo nakshi wala maandishi, na jina linaloitwa pale ni la mwanamke, Bi Zafarani. Likishaitwa, mwanamke wa uzao wake humnywesha fahali maji kwa kata ya kifuu. Hapo ndipo mji huhesabiwa umefungwa, na baya halina njia ya kuingia mpaka mwaka mwingine.

Bi Zafarani alikuwa mtumwa. Aliletwa kutoka bara angali msichana, akatumikishwa katika nyumba ya ukoo wa Mzee Mahfudhi. Ulipoingia ugonjwa wa kutapika na kuhara, waungwana walikimbilia mashambani, wakawaacha wagonjwa wao wamefungiwa ndani, wengine ni wazazi waliowazaa. Yeye alibaki. Aliyeweza kunywa alimnywesha, na aliyekufa alimwosha, akamvika sanda, akamzika kwa msaada wa watumwa wenzake. Aliosha wanawake, akaosha na wanaume, maana hapakuwa na mwingine. Waungwana waliporudi walikuta makaburi yamepangwa, kila moja na jiwe lake. Wakamwacha huru, wakaapa mbele ya msikiti kwamba mji ukizungushwa, Zafarani ataitwa. Tangu hapo wanawake wa uzao wake ndio waosha maiti wa mji wetu.

Wa mwisho kushika kazi hiyo alikuwa mke wangu, Mwanakombo.

Sasa, wageni walianza kuja kuangalia magofu, na kamati ya mji ikaamua kiandikwe kijitabu cha historia. Nani aandike? Karani, bila shaka. Nilifanya kazi ile miezi mingi, nikihoji wazee na kunakili maandishi ya makaburi. Nilipoimaliza niliisomea kamati. Nilipofika kwa Bi Zafarani, Mzee Mahfudhi, mwenyekiti wetu, akainua mkono.

"Karani, ngoja. Hayo wageni wayasome? Kwamba babu zetu waliwakimbia wazazi wao, wakaja kuoshwa na mjakazi, wanaume wazima?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Mzee."

"Ndivyo ilivyokuwa! Na weye ukipata mgeni nyumbani, choo ndicho unachomwonyesha kwanza?"

Baraza zima likacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Akaendelea kwa upole kwamba jina langu litakaa juu ya jalada, peke yake, kwa herufi kubwa. Mwanamke yule hasemwi vibaya; hasemwi tu. Na kwa kuwa kitabu na ada lazima vifanane, mwaka huu fahali ataishia msikitini, kisimani hatakwenda.

Nikasema sawa.

Mtaniuliza, je, ni kwa ajili ya jalada tu? Hapana, na hili sijawahi kumwambia mtu. Nilipomposa Mwanakombo, mama yangu aliniuliza, "Wanawake wa mji mzima wamekwisha, mpaka ukaoe kwa watumwa?" Nilimwoa, nikampenda, lakini lile swali lilibaki kooni kama mwiba wa samaki. Kila mwaka jina la Zafarani lilipoitwa na mke wangu akatoka na kata yake mbele za watu, mimi nilikuwa nikitazama chini. Kwa hiyo Mzee Mahfudhi hakunishurutisha. Alinifungulia tu mlango niliokuwa nimesimama nje yake muda mrefu.

Nilimwambia Mwanakombo usiku uleule. Alikuwa anakunja bafta ya sanda, hakuinua kichwa.

"Nani kasema atolewe?"

"Kamati."

"Kamati ina mikono? Kalamu kashika nani, Baba Saumu?"

"Ni kijitabu tu, mke wangu. Watu wataendelea kujua."

"Watajuaje, nawe umewaandikia wasijue?" Akaiweka ile bafta chini, akanitazama. "Sikiliza. Miye sikuolewa na kamati, nimeolewa nawe. Mzee Mahfudhi akinidharau, namwachia Mola wake. Weye ukimtoa yule, umenitoa miye. Na miye nikishatolewa mahali, sirudi. Unanijua."

Nilimjua. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikupata kumsikia akisema jambo asilitende. Hata hivyo, wiki iliyofuata niliupiga mstari ukurasa wake, nikauchomoa, nikautia mswada kwenye mfuko, nikapanda basi la asubuhi kwenda Tanga.

Nilikuwa na mahali pangu Chumbageni, steshenari ndogo ya binti mmoja wa Kisambaa aitwaye Neema. Alikuwa mcheshi, haishi maneno.

"Shikamoo babu! Lo, mwandiko gani huu? Kompyuta yangu yenyewe itaona haya."

"Marahaba, mwanangu. Piga chapa, acha kunipaka mafuta."

Alichapa mpaka adhuhuri ikapita, akabakiza kurasa chache. Umeme ukakatika. Pangaboi likazunguka polepole, likasimama. Neema akasema, "Babu, nilindie duka, nakwenda kwa mama ntilie hapo nyuma. Nikuletee wali maharage?" Nikamwambia alete. Akatoka.

Ilikuwa saa saba. Sisi wa pwani tumelelewa kuiogopa saa hiyo kuliko usiku wa manane. Mama zetu walitukataza kwenda makaburini na mibuyuni jua la utosi, wakisema ndiyo saa yao. Lakini Chumbageni? Katikati ya mji, pikipiki zinapita, redio zinaimba? Niaminini, sikuwa na wazo hata moja la mashetani. Nilikuwa naiwaza njaa yangu.

Nilichosikia kwanza ni harufu ya karafuu maiti. Kisha nikaona kwamba kwenye benchi ya wateja, mkabala nami, ameketi mwanamke. Sikumwona akiingia. Alijifunga kaniki, ile nguo nyeusi ambayo siku hizi huioni kwa mtu, na mikono ameiweka magotini, viganja juu. Vidole vilikuwa vyeupe, vimesinyaa, kama vya mtu aliyeshinda kutwa nzima mikono imo majini.

"Hujambo, mkwe?" akasema.

Nilishangaa. Mimi mzee wa mvi, yeye kwa sura hajafika miaka hamsini. Desturi ni anipe shikamoo. Nikadhani kanifananisha.

"Sijambo, mama. Mwenye duka anarudi sasa hivi."

"Sikumfuata mwenye duka. Nisomee hicho ulichokuja kuandikisha."

Kwa nini nilimsomea? Mpaka leo sijui. Mdomo ulifunguka tu. Nikachukua mswada, nikaanza kumsomea sura ya ule mwaka wa ugonjwa, ambamo nilikuwa nimeorodhesha majina ya waliokufa. Kila jina akitikisa kichwa, anaongeza lake.

"Huyo alikuwa mzito. Tulimgeuza watu wanne."

Nikasoma la pili.

"Huyo ana kovu la panga gotini. La kushoto."

Nikasoma la tatu.

"Huyo mtoto. Nilimpashia maji moto. Najua hakuwa na haja nayo tena, lakini alikuwa mdogo mno, sikuweza kummwagia ya baridi."

Nilitaka kuacha, sikuweza. Jasho lilinitoka likadondoka kwenye karatasi. Nilisoma mpaka jina la mwisho. Akabaki kama anayengoja sahani ya pili. Kisha akauliza:

"Na aliyewaosha?"

Nikaanza kuzipanga karatasi upya.

"Nasema, na aliyewaosha, mkwe?"

"Hayumo," nikasema.

"Umemsahau?"

Jamani, ningeweza kusema nimesahau. Uongo huo ulikuwa karibu na ulimi. Lakini macho yake yalikuwa yamenitulia, wala hayakuwa na hasira, nikasema, "Sikumsahau."

"Basi hawakuoshwa," akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu ya mahindi. Akainuka. "Sina ugomvi nawe. Mjukuu wangu umemtunza vizuri miaka mingi. Ila hawa uliowaandika watakuja, maana kwako sasa ni maiti wasiooshwa. Wakipiga hodi usiwafungie mlango. Kufungiwa walishafungiwa mara moja."

Akatoka mlangoni, akaingia juani. Nilimfuata mbio. Barabara ilikuwa na muuza machungwa na mbuzi wawili kivulini. Kaniki sikuiona.

Neema aliporudi na sahani zake, alisimama mlangoni, akakunja pua. "Babu, umetoka msibani? Duka zima linanuka maiti." Kisha akatazama benchi. "Na maji haya kamwaga nani?" Benchi ilikuwa imelowa, pale tu alipoketi yule mwanamke, na matone yanaelekea mlangoni.

Nikamwambia sijui.

Umeme uliporudi alimaliza kuchapa, akaniuliza, kama alivyouliza siku zote, "Babu, kuna cha kuongeza kabla sijakitoa?" Ule ukurasa niliokuwa nimeupiga mstari ulikuwa mfukoni mwa shati langu. Nilikuwa naushika kwa vidole. Ningeweza kuutoa. Lakini nilijiambia ni jua, ni njaa, ni uzee, na nikalifikiria jalada, nikafikiria na Mzee Mahfudhi atasema nini.

"Hakuna," nikajibu.

Jioni Mwanakombo alinipokea mfuko, akanusa shati langu. Anaijua harufu ya karafuu maiti kuliko mtu yeyote. Akaniuliza nimemzika nani. Nikasema hakuna aliyekufa. Akaenda kuinjika chai.

Ikaja siku ya kuzungusha fahali. Nilipewa kipaza sauti na kijitabu kipya, niite majina. Tulikwenda vizuri, kituo hadi kituo, mpaka njia panda ya msikitini na kisimani. Yule fahali hajapata kuuzunguka mji huu maisha yake. Alinunuliwa mnadani juzi yake. Lakini alifika pale akageuka mwenyewe kuelekea kisimani, akatia kwato ardhini. Labda alisikia harufu ya maji, sijui. Vijana wakamvuta kamba mpaka pua ikatoka damu. Mzee Mahfudhi akawa anafoka, "Huku! Mleteni huku! Karani, soma, watu wasisimame bure!"

Nikainua macho. Mwanakombo alikuwa amesimama kando ya kaburi la bibi yake, kavaa kanga mpya, kata imejaa maji mkononi. Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe kunipa nafasi yangu ya mwisho, nilijua hivyo, naye alijua kwamba najua. Ningelitamka jina moja tu katika kile kipaza sauti, mji mzima ungemgeukia.

Nilifungua ukurasa uliofuata nikasoma jina la msikiti.

Sikumwona akimwaga maji. Nilisikia tu wanawake nyuma wakisema, "Maskini, kamwaga."

Kesho yake, saa saba, nilikuwa sebuleni na Mwanakombo yuko jikoni. Pakapigwa hodi. Nikaenda kufungua. Kibarazani walisimama watu wapatao sita, wanaume na wanawake, na mtoto mmoja. Nguo zao zilikuwa zimetota uchafu wa ugonjwa, nisiouelezea. Walisimama kama watu waliokuja msibani wakamkuta mwenye nyumba hayupo tayari, wanaona haya. Mmoja, mwenye kovu goti la kushoto, akaninyenyekea, mtu wa kale kiasi kile akininyenyekea mimi.

"Tumekuja kuoshwa," akasema. "Tumeambiwa hatujaoshwa."

Nilisikia kanga ya mke wangu nyuma yangu, naye alikuwa anawatazama kama mimi nilivyokuwa nawatazama. Hakutetemeka. Kazi yake ilikuwa na maiti.

"Mwanakombo," nikanong'ona, "waoshe. Nakuomba."

"Niwaoshe miye nani? Mwosha wao hayumo kitabuni. Waoshe weye, uliyeandika."

Akarudi ndani. Hao kibarazani walingoja. Sikuufunga mlango, hilo nilikumbuka. Nilikaa chini kizingitini, uso nimeufunika kwa mikono, mpaka ikaadhiniwa alasiri. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu, na kibaraza kilikuwa kinanuka.

Mwanakombo alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Aliniaga kwa adabu. Alikwenda kwa kaka yake, mtaa wa Mabawa, kule Tanga.

Nilihangaika, sitasema sikuhangaika. Nilikwenda kwa Mzee Mahfudhi, nikamweleza yote, nikamwomba kijitabu kichapwe upya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Karani, kapime presha." Kwake wale maiti hawakwenda. Wala hawajaenda. Nadhani naijua sababu. Yeye alisema tu kwa mdomo; kalamu na ukweli vilikuwa mkononi mwangu.

Kisha nilimwambia Neema auchape ule ukurasa, nikabeba nakala kumi, nikaenda Mabawa. Kaka yake alinipokea, akanipa kiti na maji ya kunywa. Mwanakombo akatoka, akasimama mlangoni. Nikampa ukurasa. Aliusoma wote, polepole, akaukunja.

"Umeandika vizuri," akasema.

"Basi rudi nyumbani."

"Baba Saumu, siku ile ulikuwa na kipaza sauti."

"Nilikosa. Nimekiri."

"Najua umekiri. Nimekusamehe, tena kwa moyo. Lakini siwezi kulala tena karibu na mtu aliyenitazama usoni akafungua ukurasa mwingine. Niandikie talaka yangu."

Nilimwandikia, kwa mwandiko wangu huu mzuri.

Aliugua mwaka uliopita. Sikuambiwa. Binti yetu, Saumu, alinipigia simu asubuhi ya mazishi. Nilifika Mabawa maiti iko ndani inaoshwa. Nikainuka niingie, kwa mazoea, kama mume. Saumu akasimama mbele yangu, analia, akanishika mkono. "Baba, huna ndoa naye. Si halali yako tena kumwona." Alikuwa na haki. Nilikaa nje chini ya turubai pamoja na majirani, mtu mmoja nisiyemjua akaniuliza, "Mzee, weye ni nani wa marehemu?"

Wale wasiooshwa bado wanakuja. Saa saba, si kila siku, lakini sijui ni siku ipi, kwa hiyo huwa naungoja mlango kila siku. Nimejaribu kuwaosha. Nimeweka ndoo, sabuni na kata. Nikiwamwagia, maji yanafika sakafuni kana kwamba pale hapana mtu. Wananishukuru, wanaondoka, na siku nyingine wanarudi walivyokuwa. Yule mtoto huwa nampashia maji moto.

Kijitabu kinauzwa mpaka leo, jina langu juu ya jalada. Ukikiona usikinunue. Na wewe unayesoma, huenda kesho ukaitwa barazani uandike habari za kwenu, ukapewa kahawa, ukaambiwa kwa upole kwamba kuna mmoja hahitaji kutajwa. Usijidanganye kwamba aliyekufa hana habari. Usijidanganye pia kwamba lawama itakuwa ya kamati. Mwandike. Ukishindwa kumwandika, irudishe kalamu uende zako nyumbani, kwa mkeo.

Mimi nilisema sawa. Kwa sababu hiyo nilimpoteza Mwanakombo, mke wangu wa miaka thelathini na minane, akiwa hai na mwenye afya yake, na alipokufa nilikaa nje na wapita njia.